Sauti ya Baba Mkwe

Wagonjwa wa kwenye tamthilia hawanuki. Naanza na hilo kwa sababu kama umeambiwa una ugonjwa wa koo, na magonjwa unayajua kwa kuyaona kwenye televisheni kama nilivyoyajua mimi, umedanganywa. Kule mgonjwa analala na wanja machoni, shuka limenyooka, mume analia pembeni bila kamasi. Akikohoa mara mbili kwenye leso, ujue kesho amekufa. Mimi nimekohoa tangu mavuno hadi mavuno na sijafa. Nimenuka mpaka paka akahama chini ya kitanda changu. Kwa hiyo wewe uliyeambiwa, au wewe ambaye mama yako ameambiwa, sogea nikueleze. Ya dawa muulize daktari. Mimi nina ya benchi, ya shingo na ya nyumbani.

Mimi ni Mama Shija wa Didia. Shule niliishia darasa la nne. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, halafu mjukuu wangu Milembe ananyoosha herufi, ila maneno nimemkataza kuyagusa. Milembe ana kibanda Ngokolo, mjini Shinyanga, anaingiza nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi za watu. Huna haja ya kujua jina la muvi. Mwambie tu ile ya jamaa aliyechomewa nyumba na shemeji yake, atakupa hiyohiyo. Akili hiyo kaichukua kwangu. Utasema najisifu. Najisifu, ndiyo.

Shija mwanangu, baba yake Milembe, ni mchimbaji kule Geita. Mwaka ambao duara lao, yaani shimo lao la dhahabu, lilitema kidogo, aliniletea televisheni pana kama mlango, pamoja na king'amuzi. Tangu hapo nyumba yangu haijawahi kuwa na jioni tupu. Wanawake wa jirani wanakuja na karanga zao za kumenya, wanakaa mkekani, tunaangalia. Wengi Kiswahili chao ni cha sokoni. Kile cha tamthilia, cha mbio, cha watu wanaogombana huku wakishuka ngazi, kinawapita. Basi mimi nikawa nageuza kwa Kisukuma palepale, picha inakwenda na mimi nakwenda, kama wale vijana wanaotafsiri muvi za nje. Wakaniita DJ. Bibi mzima, naitwa DJ, na nilipenda.

Kazi hiyo nina maoni nayo. DJ mbaya anaongea wakati wote, anaweka utani wake, anamsalimia shangazi yake wa Kahama katikati ya vita. DJ mzuri anajua kunyamaza. Mtu akilia kwenye picha, mwache alie. Kilio hakina Kiswahili wala Kisukuma. Nilikuwa nawaambia wanawake hivyo, hasa Mbuke, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hata kwenye msiba anaongea.

Mwaka niliougua tulikuwa tunafuatilia tamthilia moja ya nje iliyotiwa Kiswahili. Jina lake refu hakuna aliyelishika, sisi tuliiita Ya Ghorofani. Binti maskini kaolewa kwenye nyumba ya ngazi nyingi, na baba mkwe anamtaka atoke. Baba mkwe yule ana uso kama shoka, lakini waliomtia Kiswahili wakampa sauti laini ya muuza vitenge. Nilichukia sana. Mtu mbaya apewe sauti mbaya, hilo ni jambo la kwanza. Nikawa namrekebisha mimi, namshusha sauti mpaka chini ya mkeka.

Koo lilianza wakati wa kuvuna mpunga. Sauti ikaingia mchanga. Nilidhani ni vumbi la mapumba. Siku nyingine ikatoka nzito, imechanika, nikamfanyia baba mkwe nayo, na chumba kizima kikanyamaza. Mbuke aliacha karanga mkononi. Siku iliyofuata walikuja hata wanawake wa upande wa reli, wameambiwa njooni msikie.

Nilimwambia Mbuke nataka kwenda zahanati, koo linakwaruza. Akanijibu, "Hapo ndipo umempata yule mzee. Usinywe dawa mpaka afe."

Tukacheka wote, na mimi nilicheka kuliko wao. Ndivyo ugonjwa wangu ulivyopigiwa makofi. Wapo watu wanaochelewa hospitali kwa woga, wapo wanaochelewa kwa waganga. Mimi nilichelewa kwa kusifiwa. Kila jioni koo lilipozidi kuoza, mimi nilizidi kuwa hodari. Wakati wa kuchuma pamba nilikuwa siwezi tena sauti ya yule binti, wala ya mama yake. Nyumba nzima ya ghorofani ilikuwa inaongea kama baba mkwe, na bado walikuja.

Halafu ugali ukaanza kugoma njiani. Nikahamia uji. Nikitafuna michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, naona damu kwenye kipande. Nikipanda kilima kidogo, shingo inapiga filimbi. Milembe alikuja siku ya gulio, akanikuta naongea na kuku. Alisimama mlangoni na mfuko wake hajautua. Wanawake wa mkekani walizoea kuicheka sauti ile, yeye hakucheka. Alisema tu, "Bibi, funga kanga, tunaondoka."

Mjini Shinyanga nilipewa vidonge vya kifua, nikavimaliza. Nikarudi, nikapewa vingine. Mvua za kwanza zilipoanguka, watu wanalima, mimi nikaambiwa niende Mwanza, hospitali kubwa, wakatazame ndani kwa mpira wenye taa. Mpira ule unapitia puani. Sikuelezei zaidi ya hapo. Walikata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa, nasi tukaambiwa tusubiri.

Kusubiri ndiko kuugua kwenyewe. Hili tamthilia hazilionyeshi kabisa. Kule daktari anatoka mlangoni, anavua miwani, anasema. Huku unakaa benchi, unasogea, unakaa, unaambiwa faili halijapanda, unaambiwa daktari yuko chumba cha upasuaji, unaenda kujisaidia kwa mbio kwa kuogopa jina lako lisije likaitwa na wewe haupo. Makalio yangu yanalijua benchi lile kuliko jiko langu.

Ukutani palikuwa na televisheni, imefungwa juu ndani ya kikapu cha chuma, haina sauti. Rimoti ilipotea, sauti imezimwa, hakuna wa kuiwasha. Watu wote tumeinua shingo tunaangalia midomo. Na ni shingo zenyewe zinazouma. Jirani yangu benchini alikuwa mama wa Ushirombo, mwembamba, rozari mkononi, na mtandio shingoni juu ya uvimbe. Mama Gaudensia. Alikuwa muuza unga wa muhogo na mwimbaji wa kwaya tangu msichana. Akaniuliza, "Hao wanagombania nini?" Nikamwambia kwa mnong'ono. Sikuwa najua. Nilitunga. Huyu mwenye tai kauza shamba la mkewe, huyu wa nyekundu ni dada wa nje, kamletea habari. Mama Gaudensia akaniamini. Aliyekuwa nyuma yake akasogea, na wa nyuma yake. Nikiwa na sauti iliyobaki kama ukoko wa sufuria, nikatia maneno midomo ile mpaka nesi akaja kuangalia kwa nini benchi zima linacheka. Kama ulikuwa pale, huyo bibi alikuwa mimi.

Jibu tulipewa siku moja, mimi na yeye, mlango mmoja, tulipishana tu. Daktari wangu alikuwa kijana, kucha safi. Hakuvua miwani. Alisema, "Bibi, tukiliacha litaziba njia ya hewa. Tukilitoa tutatoa na mahali sauti inapotoka. Utapumua kwa tundu la shingoni, na hutaongea tena."

Milembe alinishika goti. Nikasema nipeni muda.

Mama Gaudensia hakutaka muda. Aliambiwa maneno yaleyale, akatoka, akafunga mtandio, akaniambia anarudi Ushirombo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Nitamwimbia Mungu kwa tundu? Wacha nife na sauti yangu." Tulipeana namba za simu. Sikumlaumu, na wewe usimlaumu.

Shija alikuja kutoka Geita, vumbi la machimbo masikioni. Alikuwa amesikia habari za mganga mmoja Bukombe anayetoa uvimbe kwa mizizi, bila kisu. Alikuwa amepanga kila kitu. Alisema mama yake akinyamaza, nyumba ile ya Didia itakuwa kaburi lenye televisheni. Milembe alimjibu baba yake kwa adabu, lakini alimjibu. Alimwambia kaburi ni lile linalochimbwa. Hapo Shija akawa kama mtu aliyepigwa na mtoto wake mbele za watu. Walikaa pande mbili za kitanda changu hawatazamani, na mimi katikati, napiga filimbi kwa shingo.

Utaniuliza niliamuaje. Ukisikiliza zile podikasti anazoniwekea Milembe, watu huamua kwa kupata ujasiri fulani, muziki unapanda. Mimi sikupata ujasiri. Nilimwita daktari, nikamwuliza kama macho yangu yataguswa. Akasema hayahusiki. Masikio je? Hayahusiki. Nikamwambia basi kata. Nilitaka kuona mambo yanaishaje. Ya Ghorofani, ya Milembe, ya Shija na shimo lake. Mtu akiweza kuona na kusikia, bado yuko kwenye mkeka.

Shija aliondoka siku hiyohiyo. Alisema duara linamngoja. Duara halimngoji mtu, najua, na yeye anajua.

Siku ya kuamkia upasuaji, mchana, Milembe alinitoa nje, pale ndugu wa wagonjwa wanapoanika nguo. Akaweka simu yake juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Bibi, ongea nikuhifadhi."

Nikamwuliza niongee nini. Akasema chochote. Hapo ndipo nilipojua kwa nini podikasti nyingi hazina ladha. Mtu akiambiwa aseme chochote, hana la kusema. Nilifikiria kusema majina ya babu zetu, nikakohoa. Nilifikiria baraka, ikatoka kama laana. Mwisho nikafanya baba mkwe, ile ya kumfukuza binti kwenye ngazi, maneno yote, Kisukuma safi. Ilitoka vizuri kuliko siku zote. Milembe alikuwa anatabasamu na machozi yanashuka, sura mbili kwa wakati mmoja, kitu ambacho waigizaji wetu wanalipwa na hawakiwezi.

Halafu akasema, "Bibi, sasa itikia salamu. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

Akanisalimia tena, akataka niitikie kama namwitikia mwanamume. Nikasema, marahaba, baba. Nilimwona mtoto. Nilidhani ananichezesha tu muda uende.

Nilipoamka nilikuwa na mpira puani wa kupitishia chakula, bomba shingoni, na nyuzi kama za gunia. Nilijaribu kuita. Midomo ilienda, hakikutoka kitu. Nilikuwa ile televisheni ya kwenye kikapu.

Nitakueleza yasiyoelezwa. Makohozi yanatokea shingoni, mazito, na nesi anayavuta kwa mashine inayokoroma, na wakati anavuta unaona unakufa, halafu hufi. Ukikohoa, unaziba mdomo kwa mazoea, na kinachotoka kinatokea chini, juu ya nguo ya mtu. Hunusi. Chai ni maji ya moto tu. Huwezi kupuliza. Ukipewa uji wa moto, mashavu yanajaa, hewa haiji. Huwezi kulia kwa sauti. Unalia macho tu, na mtu wa kitanda cha pili hajui. Kioo walikuwa wananificha. Nilijiona kwenye kijiko.

Mambo ya heri yalikuwepo, madogo. Kulikuwa na mama mmoja wa usafi aliyekuwa ananichapa mgongoni taratibu kila akipita, bila kuambiwa. Na mgonjwa mmoja alikuwa na kitabu cha hadithi, kimechakaa, kurasa za mwanzo hazipo, Milembe akawa ananisomea. Vitabu sikuwa navipenda, vina maneno mengi ya mvua na mawingu kabla mtu hajafanya jambo. Lakini nimeona faida yake. Kitabu kinakungoja. Ukishikwa na kikohozi, yule mtu kwenye kitabu anabaki mguu juu mpaka utulie. Televisheni haijawahi kumngoja mgonjwa.

Maana Ya Ghorofani ilikuwa inaendelea bila mimi. Mbuke alikuwa ananipigia kunisimulia. Mbuke anasimulia kama gunia lililotoboka, kinaanza kutoka cha chini. Siku moja Milembe aliniwekea simu sikioni, nikasikia, "DJ, amekufa! Tumelia hapa mpaka karanga zimeungua." Akakata, salio limekwisha. Nani kafa? Siwezi kuuliza. Milembe alikuwa ameshatoka kufua. Aliporudi, simu ya Mbuke haikupatikana, nikakaa na maiti isiyo na jina mpaka Jumapili. Ilikuwa ni mama wa binti. Nilikuwa nimeshamlilia mtu mwingine.

Mama Gaudensia naye alipiga. Tulitengeneza utaratibu, yeye anaongea, mimi nagonga simu kwa ukucha, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Alinihadithia kwaya yake, mahindi ya Ushirombo, mkwe wake mvivu. Aliniuliza kama inauma. Nikagonga mara moja. Aliniuliza kama ninajuta. Hapo nilikaa na ukucha hewani. Nikagonga mara mbili, lakini nilichelewa, na yeye alikuwa na akili, alisikia kuchelewa kule.

Masika nzima nilikuwa Mwanza kwa mionzi. Tulikaa kwa ndugu mmoja wa ukoo, kila siku ya kazi tunaenda, nalazwa kwenye ubao wa baridi, wanatoka wote mlango unafungwa. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama sufuria, ikamenyeka. Benchini Milembe alinipa kipaza kimoja cha sikioni, yeye kimoja, podikasti. Vijana wawili wanacheka muda mrefu kabla ya kusema walilojia. Mtu wa redio wa zamani alijua betri za wasikilizaji zinakwisha, alisema upesi. Ilikuwepo moja ya mwanamke aliyepona kansa. Sauti nzuri, Kiswahili kizuri. Wakamwita mpiganaji, shujaa, mshindi. Nikatoa kipaza sikioni. Mimi sikupigana na mtu. Nililala, nikakatwa. Na Mama Gaudensia je, huyo alishindwa? Maana wakati wa mionzi sauti yake kwenye simu ilikuwa inapungua. Kwanza ikaacha kwaya. Halafu ikaacha kicheko. Siku moja ilikuwa pumzi tu, na mimi nikagonga, na pumzi, nikagonga. Hatukuambiana kitu chochote, na nadhani hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu makubwa. Baadaye alipiga mkwewe. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikagonga mara moja.

Nilirudi Didia pamba ikiwa imepasuka. Wanawake walikuja wote, wakakaa mkekani, wakanitazama shingo. Nilikuwa nimefunga kitambaa chepesi, kinacheza kila nikivuta pumzi. Hawakujua waangalie wapi. Nilichukua kalamu nikaandika, karibuni, nimewakumbuka. Nikamwonyesha Mbuke. Mbuke hajui kusoma. Wala aliyemfuata. Karatasi ikazunguka mkeka mzima ikarudi kwangu, kila mmoja kaitikia kwa kichwa.

Jikoni nilikuwa siwezi kuwasha moto, sina pumzi ya kupuliza. Nilipepea kwa mfuniko kama mchoma mahindi. Dagaa walioza sikujua, mpaka mtu wa njiani akaniambia. Lakini hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa marahaba.

Kwetu huwezi kupita kwa mtu mzima bila shikamoo, na mtu mzima hawezi kuiacha shikamoo hewani. Ukiinyamazia umemkataa mtoto wa watu. Mimi niliinua mkono, nikainamisha kichwa, lakini watu hupita mbio. Kijana mmoja wa bodaboda, mgeni, alinisalimia siku tatu akiwa amegeuka nyuma kidogo tu, hakuona mkono. Mbuke akaja kuniambia yanayosemwa kijiweni. Kwamba bibi wa televisheni ameacha kuitikia. Kwamba kuna kitu kashikilia mdomoni. Kwamba usiku shingo yake inaongea. Sikiliza, huku kwetu bibi kizee akianza kusemwa vijiweni, watoto wake hawalali. Katika muvi zetu mchawi ni nani? Bibi. Kila muvi, bibi, macho mekundu, kanga nyeusi, haitikii salamu. Nilikuwa nazicheka zamani, nasema mwandishi mvivu. Sasa nilikaa kwangu najiona nimevalishwa nguo za yule bibi, na vijana wale wote wameziona muvi hizo kwenye kibanda.

Milembe alisikia, akaja na simu ndogo ya vitufe, kaifunga kamba ya kuvaa. Akaniambia mtu akinisalimia nibonyeze hapa. Nikabonyeza. "Marahaba, mama. Hujambo?" Ilikuwa mimi. Sauti ya mchanga, imechanika, lakini mimi. Kumbe mtoto yule pale kwenye nguo za kuanika aliona mbali kuliko daktari.

Ilisaidia. Kijana wa bodaboda alisimamisha pikipiki kabisa, akasalimia tena ili aisikie. Watoto walipanga foleni, shikamoo bibi, shikamoo bibi, mpaka betri inakufa. Maneno ya kijiweni yakageuka kicheko, na kicheko si kibaya ukikilinganisha. Ila mimi kila nikibonyeza nilikuwa nasikia mtu aliyekuwepo. Kwenye muvi za mizimu wanaweka sauti kama ile.

Shija hakuwa amekuja tangu siku ile ya Mwanza. Alituma salamu, alituma sukari. Alikuja mvua za kwanza zilipoanza tena, jioni, amekonda, anachechemea kidogo. Nilikuwa uani napepeta mchele. Alisimama mbali kama mgeni, akavua kofia. "Shikamoo, mama."

Nikabonyeza. "Marahaba, baba. Hujambo?"

Alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye tope. Mwanaume wa kushuka shimoni kwa kamba, amekaa kwenye tope. Nikadhani hakusikia, nikabonyeza tena. Akanyoosha mkono akafunika simu yote kwa kiganja.

"Usinibonyezee, mama. Mimi si mpita njia."

Niliweka ungo chini. Nikamwendea, nikaweka mkono kichwani kwake, nikaushikilia hapo, uzito wote. Nywele zake zilikuwa na vumbi la Geita hata baada ya mvua. Tukakaa hivyo mpaka kuku wakaingia bandani. Kama marahaba ina maana yoyote, ndiyo ile. Simu ile sasa ni ya barabarani tu. Nyumbani wanainamisha kichwa, naweka mkono, na Milembe naye, ukubwa wake wote ule.

Shija hakurudi Geita wiki ile, ndiyo maana alikuwepo Ya Ghorofani ilipoisha. Mkeka ulijaa. Kutafsiri sasa ni kazi ya Mbuke, ambaye Kiswahili chake kinazidi kidogo cha wenzake. Nilimfundisha kwa karanga. Akikosea, namrushia moja. Akiweka habari zake mwenyewe, mbili. Jioni za mwanzo aliondoka na karanga kwenye nywele. Baba mkwe anamfanya kama kondoo, lakini anajitahidi.

Ikafika pale binti anaposhuka ngazi mara ya mwisho, mkoba mkononi, na yule mzee mwenyewe ndiye mgonjwa sasa, kitini, hawezi kusema. Walimpaka wanja, bila shaka. Binti akasimama mbele yake. Akaanza kulia bila sauti. Nilichukua karanga nikaishika tayari, nikamtazama Mbuke.

Mbuke alifunga mdomo.

Chumba kikawa kimya, hata muziki wa tamthilia ulikuwa umekoma. Kilichosikika ni shingo yangu tu, inavuta na kutoa, kitambaa kinapanda na kushuka. Zamani kidogo wangegeuka. Safari hii hakugeuka hata mmoja. Nikaila ile karanga.